Shamba la Nabothi: Ardhi ya Wananchi na Mkono wa Serikali katika Miaka Mia Moja

Utangulizi

Maandiko Matakatifu yana masimulizi matatu juu ya kupatikana kwa ardhi, na inafaa yasomwe kwa pamoja. La kwanza ni la Ibrahimu, aliyekuwa mgeni Hebroni na ambaye alifiwa na mkewe Sara. Alipoahidiwa shamba la Makpela bure, alikataa. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, hata shamba, pango na miti iliyokuwamo vikawa mali yake. La pili ni la Mfalme Daudi. Arauna alimpa kiwanja chake cha kupuria nafaka pamoja na ng'ombe kwa ajili ya madhabahu, lakini mfalme hakukubali kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Alilipa shekeli 50. La tatu ni la Mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi wa Yezreeli. Ahabu alianza vizuri, kwani alitoa bei, na hata alitoa shamba jingine badala yake. Nabothi alikataa kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Hapo ndipo barua zilipoandikwa, mashahidi wa uongo wakatafutwa, na mwenye shamba akauawa kwa jina la sheria.

Wafalme wawili walihitaji ardhi ya raia. Mmoja alipewa bure akasisitiza kulipa. Mwingine alinyimwa akachukua. Tofauti yao haikuwa katika fedha, maana wote wawili walikuwa nazo. Tofauti ilikuwa katika neno moja, yaani ridhaa ya mwenye ardhi. Historia ya ardhi katika Tanganyika, na hatimaye Tanzania, katika kipindi ambamo imo miaka mia moja ya usharika, inaweza kusomwa kama historia ya neno hilo.

Kwa wakazi wa Milepa na vijiji jirani jambo hili si somo la mbali. Bonde la Ziwa Rukwa limebanwa kati ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa na maji ya ziwa ambalo kwa asili yake hujaa na kupungua, likifunika mashamba na malisho kwa miaka kadhaa na kuyaachia tena baadaye. Humo wanaishi wakulima wa mpunga, mahindi na ufuta, wavuvi, na wafugaji waliohamia na mifugo yao. Humo pia limo Pori la Akiba Uwanda, ambalo ni ardhi iliyotengwa na Serikali kwa ajili ya wanyamapori. Mahali ambapo ardhi haiwezi kuongezeka, kila mpaka una jirani upande wa pili, na kila mradi mpya wa umma lazima upite katika shamba la mtu.

Ardhi iliyosemwa kuwa haina mwenyewe

Kabla ya ujio wa wageni kutoka Ulaya, ardhi ya Ufipa haikununuliwa wala kuuzwa. Katika nchi za Nkansi na Lyangalile ardhi ilikuwa chini ya Mwene, na mtu alipata mahali pa kulima kupitia wakuu wa kijiji chake. Haki yake ilitokana na jasho lake. Aliyeinua matuta ya intumba, akafukia majani yakaoza na kuwa mbolea, alijulikana na majirani kuwa ndiye mwenye shamba lile. Hapakuwa na karatasi, lakini palikuwa na mashahidi.

Utawala wa Wajerumani ulileta fikra nyingine. Kwa amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895, ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ambayo haikuwa na mwenyewe ilitangazwa kuwa ardhi ya Taji. Amri hiyo ilitambua haki za watu binafsi, za machifu na za jumuiya za wenyeji, ila wenye haki hizo ndio waliotakiwa kuzithibitisha. Kwa mwenye hati jambo hilo lilikuwa rahisi. Kwa mkulima ambaye ushahidi wake ulikuwa matuta, kaburi la babu na maneno ya jirani, lilikuwa gumu sana. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lilionekana na mgeni kuwa pori tupu. Kamati za ardhi ziliundwa na kuelekezwa kuwaachia wenyeji eneo lililo mara 4 ya lile walilokuwa wakililima wakati huo, na sehemu iliyobaki ikaweza kutolewa kwa walowezi na makampuni. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza, ekari zipatazo milioni 1.3 zilikuwa zimemilikishwa kwa wageni, hasa katika Kilimanjaro, Meru, Usambara na pwani. Ufipa, iliyokuwa mbali na reli na bandari, iliepuka sehemu kubwa ya msukosuko huo.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa walitunga Sheria ya Ardhi ya 1923. Sheria hiyo ilitangaza kwamba ardhi yote ni ardhi ya umma, chini ya usimamizi wa Gavana, kwa matumizi na manufaa ya wenyeji. Mgeni aliweza kupewa haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Marekebisho ya 1928 yalitambua kwamba jamii ya wenyeji inayotumia ardhi kwa mujibu wa mila zake inahesabiwa kuwa na haki ya kumiliki, hata bila hati. Maneno hayo yalikuwa mazuri. Hata hivyo, ardhi iliyo chini ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji ilibaki chini ya tafsiri ya Gavana kuhusu manufaa hayo. Udhaifu huo ulionekana wazi miaka ishirini na mitatu baadaye, mbali na Ufipa, katika nchi ya Meru, miongoni mwa Wakristo wa Kilutheri.

Engare Nanyuki, 1951

Kanisa la Kilutheri lina sababu yake ya kuikumbuka nchi ya Meru. Ni huko Akeri, mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili vijana wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kabla ya kuanza kazi yao. Jeshi la Wajerumani lilifuata kwa kisasi kikali. Wamisionari walirudi mwaka 1902 na kuanzisha kituo cha Nkoaranga, na Injili ikapata mizizi. Lakini katika miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni iligawa ardhi iliyozunguka mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini, hata Wameru wakajikuta wamezungukwa na mashamba ya wageni, na mifugo yao ikakosa njia ya kwenda malishoni. Hivyo, katika nchi ile kumbukumbu ya Injili na kumbukumbu ya ardhi iliyopotea zilikua pamoja.

Upande wa kaskazini-mashariki mwa mlima, mahali paitwapo Engare Nanyuki, Wameru walifanikiwa kurejea. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani yaliuzwa, na Wameru walitoa fedha zao ili baadhi ya ardhi waliyonyang'anywa iwarudie. Waliinunua ardhi ya baba zao. Walijenga nyumba, wakafuga, wakalima, wakajenga na kanisa.

Mwaka 1946 Serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza mgawanyo wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilikiri kwamba wenyeji walikuwa wamebanwa na walihitaji ardhi zaidi, na ilipendekeza mashamba kadhaa yarudishwe kwao. Lakini ilipendekeza pia kwamba eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe ukanda mmoja wa ufugaji wa Wazungu, usiochanganyika na wenyeji. Kwa hiyo Wameru wa Engare Nanyuki walipaswa kuondoka na kuhamia Kingori. Waliahidiwa ardhi mbadala na fidia, kama Nabothi alivyoahidiwa shamba jingine na fedha. Nao walijibu kama Nabothi. Waliiona Kingori kuwa nchi ya joto na ya magonjwa ya watu na mifugo. Na zaidi ya hayo, hawakuwa wameiuza Engare Nanyuki.

Tarehe 17 Novemba 1951, wakati Sir Edward Twining akiwa Gavana, polisi na vibarua waliingia Engare Nanyuki. Katika wiki zilizofuata vyombo vilitolewa nje, nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, na mifugo ilisukumwa barabarani. Kanisa nalo halikusalimika. Kwa hesabu ya Wameru wenyewe watu wapatao 3,000 waliondolewa. Lililowashangaza watawala ni kwamba watu hao hawakurusha mkuki wala jiwe. Walikuwa wamekubaliana kutotumia nguvu. Wengi walikataa kuhamia Kingori na wakakataa kupokea fidia, kwa kuwa kuipokea kungekuwa sawa na kutia sahihi mkataba wa mauzo ambao hawakuufanya.

Badala ya mkuki walichukua kalamu. Umoja wa Raia wa Meru ulikusanya michango ya wakulima na kumtuma Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, kwenda Umoja wa Mataifa. Katikati ya 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini jijini New York, akiwa Mtanganyika wa kwanza kutoa malalamiko ya watu wake kwa mdomo katika chombo hicho. Baraza lilionyesha masikitiko kwamba watu walihamishwa bila kupenda. Mwishoni mwa mwaka huo suala lilifika katika Baraza Kuu, ambako azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao lilipata kura nyingi lakini likakosa theluthi mbili zilizohitajika.

Kwa kipimo cha siku ile Wameru walishindwa. Kwa kipimo cha miaka, walishinda. Kirilo Japhet aliporudi alizunguka nchini akieleza kisa hicho, na watu wa mikoa mingi walijifunza kwamba jambo la ardhi halikuwa la kabila moja. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, na mwaka 1955 Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Mpango wa ufugaji uliosababisha watu kuvunjiwa nyumba haukufanikiwa kama ulivyotarajiwa, na Wameru walirudi katika ardhi yao. Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo, ili vizazi vijavyo visitegemee masimulizi ya mdomo peke yake.

Baada ya Uhuru

Uhuru wa 1961 ulibadilisha wenye mamlaka, lakini kanuni kuu ya 1923 ilibaki: ardhi ni ya umma. Mwaka 1963 umiliki huru uliotoka enzi ya Wajerumani uligeuzwa kuwa ukodishaji kutoka Serikalini, na baadaye ukawa haki ya kumiliki kwa muda. Katika mwaka huo huo mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na katika mwezi Juni makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilimpa Rais uwezo wa kutwaa ardhi yoyote kwa manufaa ya umma: barabara, viwanja vya ndege, bandari, miji, migodi, miradi ya kilimo na mengineyo. Ilitaka mwenye ardhi apewe taarifa, kwa kawaida si chini ya wiki 6 kabla ya kuondoka, na alipwe fidia. Fidia hiyo, hata hivyo, ilihesabiwa kwa yale mtu aliyoyaongeza juu ya ardhi, yaani nyumba, visima, miti na mazao ya kudumu. Ardhi tupu haikulipwa kitu. Kwa hiyo fikra ya 1895 iliendelea kuishi chini ya bendera mpya: shamba lililopumzishwa lilionekana tena kuwa halina kitu.

Kanisa lenyewe liliujua mkono huo wa Serikali. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 shule zilizokuwa zikipata ruzuku, zikiwamo za makanisa, ziliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali. Madarasa yaliyojengwa kwa tofali zilizobebwa vichwani na washarika yalianza kupokea watoto wa dini zote. Wapo walionung'unika, na wapo walioona kwamba lengo la kumsomesha kila mtoto lilikuwa lengo ambalo Kanisa lisingeweza kulipinga bila kujipinga. Neno manufaa ya umma si uongo siku zote. Hatari yake ni pale linapotamkwa ili mwenye mali asiulizwe.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia kijijini. Mamilioni ya Watanzania walihama. Shule, zahanati na visima viliwakaribia watu, na hilo ni jema lisilopaswa kusahauliwa. Lakini wengi waliacha migomba, miembe na makaburi ya wazazi wao bila fidia, na waliopokea wageni kijijini walikatiwa mashamba yao bila kuulizwa. Migogoro mingi ya mipaka iliyozungumzwa baadaye mbele ya mabaraza ya ardhi chanzo chake ni miaka ile.

Neno la Mahakama ya Rufani

Miaka ishirini baadaye swali lile lilifika mahakamani. Sheria ya 1992 ilikusudia kufuta haki za mila za watu waliohamishwa wakati wa vijiji, bila fidia na bila nafasi ya kwenda mahakamani. Baba na mwanawe wa mkoa wa Arusha waliipinga, na mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi ambao kila kijiji kingepaswa kuujua. Ilisema kwamba haki ya kumiliki ardhi kwa mila, ingawa haina hati, ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba raia hawezi kufungiwa mlango wa mahakama. Ilisema pia kwamba jasho la mtu linaiongezea ardhi thamani hata pasipo nyumba wala miti juu yake, na mtu huyo akinyang'anywa anastahili fidia ya haki.

Kwa uamuzi huo fikra ya ardhi isiyo na mwenyewe ilipata pigo kubwa. Kile ambacho mzee wa Ufipa alikijua kwa kutazama matuta ya intumba kilikuwa kimeandikwa katika hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini.

Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilikuwa imezunguka nchini na kutoa taarifa yake mwaka 1992. Sera ya Taifa ya Ardhi ilifuata mwaka 1995, na mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi ya nchi iligawanywa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Mamlaka ya mwisho yalibaki kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Lakini mwenye kutwaliwa ardhi alihakikishiwa fidia kamili, ya haki na inayolipwa mapema. Hesabu yake haiishii kwenye majengo na mazao. Inahusu thamani ya ardhi katika soko, posho ya usumbufu, usafiri, makazi ya muda au faida iliyopotea, na riba pale malipo yanapochelewa.

Kwa ardhi ya kijiji kuna hatua ya pekee. Serikali ikitaka kuihamisha kwenda katika fungu jingine, taarifa hutolewa katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, nayo lazima iufikishe ujumbe huo kwa mkutano mkuu wa kijiji. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kupokea maoni ya wanakijiji. Na uhamisho hauwezi kufanyika kabla aina, kiasi na wakati wa fidia havijakubaliwa. Sheria hii si kamilifu. Ridhaa ya wanakijiji inakoma kwenye kipimo cha hekta. Lakini tangu 1895 hapakuwa na sheria nyingine iliyompa mkulima nafasi kubwa hivyo ya kusema ndiyo au hapana.

Barabara iliyofuata watu

Uwanda wa juu wa Ufipa uliliona suala hili kwa macho yake wakati wa ujenzi wa barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilometa zipatazo 224. Ujenzi ulifadhiliwa na Marekani kupitia mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia uliotiwa sahihi Februari 2008, wenye thamani ya dola milioni 698 kwa miradi mbalimbali nchini, na kipindi chake kilikwisha mwaka 2013. Hakuna aliyesafiri kutoka Sumbawanga kwenda Laela wakati wa masika, kabla ya lami, ambaye angesema barabara ile haikuwa manufaa ya umma.

Hata hivyo, barabara huhitaji ardhi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kwa upanuzi huo Watanzania walipata msemo unaobeba falsafa nzima ya fidia: je, huyu aliifuata barabara, au barabara ndiyo iliyomfuata? Aliyejenga ndani ya hifadhi akijua, aliifuata barabara, naye hubomoa kwa gharama yake. Aliyekuwapo kabla mpaka haujasogezwa, barabara ilimfuata, naye anastahili kulipwa. Alama ya X ukutani ni ile ile machoni pa mtoto aonaye nyumba yao ikipakwa rangi, lakini nyuma ya alama hiyo kuna swali la tarehe, na swali la tarehe hujibiwa kwa ushahidi. Mwenye karatasi ya kijiji, muhtasari wa kikao au jirani mzee anayekumbuka hujibu. Asiye na kitu hubaki na machozi yake.

Hapa ndipo penye funzo la uchungu. Katika utwaaji wa ardhi uliofanywa kwa nia njema kabisa, wanaoumia zaidi mara nyingi ni wajane, wazee na wageni waliokaribishwa bila maandishi. Fidia huandikwa kwa jina la mtu mmoja, nayo hulipwa mara moja, wakati shamba lilikuwa likiwalisha wengi kila mwaka. Ndiyo maana mthamini anapofika na daftari lake, familia nzima inapaswa kuwapo, mke na watoto wakubwa pamoja na baba, na kila mti na kila chumba kihesabiwe mbele yao kabla sahihi haijawekwa.

Kanisa kama mwenye ardhi

Ingekuwa rahisi kwa kitabu cha kumbukumbu kumweka Kanisa upande wa Nabothi daima. Historia haikubali. Misioni nyingi katika Afrika Mashariki zilipata viwanja vyao kutoka kwa serikali za kikoloni au kwa machifu waliokuwa na sauti kuliko wakulima waliokuwa wakilima hapo. Baadhi ya vituo vilikuwa na mashamba makubwa kuliko mahitaji yao, na majirani zao walilima kwa hisani ndani ya ardhi waliyoiita ya wazee wao. Kanisa limewahi kunyang'anywa, na limewahi pia kupokea kilichotwaliwa. Kwa sababu hiyo linayo haki ya kusema juu ya ardhi kwa unyenyekevu tu, na kwanza juu ya ardhi yake.

Ardhi ya sharika za Kanisa humilikiwa kupitia Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa, na katika vijiji taasisi isiyo ya kijiji huomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji. Utaratibu huo hauna budi kufuatwa hata pale mzee wa usharika anapotoa kipande cha shamba kwa moyo mweupe. Ahadi ya mdomo huishi muda wa maisha ya mtoaji. Baada ya mazishi yake huwa kesi kati ya watoto wake na kanisa alilolipenda. Ibrahimu alikataa zawadi ya Efroni, akapima fedha mbele ya mashahidi, si kwa sababu hakumwamini, bali kwa sababu aliwafikiria watakaokuja baadaye. Makaburi nayo yanahitaji uangalifu huo huo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inaruhusu makaburi yaliyo katika ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma yahamishwe, na gharama za kufukua na kuzika upya zilipwe. Kaburi lisiloandikwa popote, ambalo msalaba wake wa mti umeliwa na mchwa, halina wa kulisemea siku ya kuhesabu.

Hitimisho

Kutoka amri ya 1895 hadi sheria za 1999 ni zaidi ya karne moja, na ndani yake sheria imejifunza polepole kuuliza kabla ya kuchukua. Haikujifunza kwa ukarimu wa watawala. Ilifundishwa na watu waliobomolewa nyumba na kanisa bila kurusha jiwe, wakakataa fedha ambazo zingewafanya waonekane wameuza. Na ilifundishwa na baba na mwanawe waliokwenda mahakamani na haki ya mila isiyo na hati. Wote hao walikuwa wakulima na wafugaji wa kawaida, wa namna ile ile inayojaza viti vya ibada siku ya Jumapili katika Bonde la Rukwa.

Kinachobaki kwa usharika ni kazi isiyo na fahari: kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji hata usipokuwa na posho, kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni kwa mtendaji, kuwasaidia wajane wapate hatimiliki za kimila kwa majina yao, kuandika mipaka ya kiwanja cha kanisa wakati wanaoikumbuka wangali hai, na kumsimamia jirani wa dini yoyote ambaye shamba lake linatakiwa na mwenye nguvu. Eliya alitumwa kwa Ahabu baada ya Nabothi kufa, na neno lake, ingawa lilikuwa la kweli, halikumrudishia Nabothi uhai wala shamba. Kanisa katika karne yake ya pili limepewa nafasi ya kufika mapema zaidi, wakati bei ingali ikizungumzwa na kabla ya barua kuandikwa.

Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na wanadamu ni wapangaji wake. Mpangaji mwema huacha mlango, hati na mipaka katika hali ambayo atakayefuata hatalazimika kugombana na mtu. Mwenyezi Mungu na aubariki usharika katika utunzaji huo.